Historia ya Awali ya Ruvuma na Ziwa Nyasa: Kitabu Kipi Kifunguliwe Kwanza

Mkazi wa Kihagara, Liuli au Mbinga mjini anayetaka kujua watu wa mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa waliishije kabla ya utawala wa Wajerumani na katika miaka yake ya mwanzo, hakosi vitabu vya kusoma. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha aanze na kipi. Vitabu hivyo vimetawanyika, vingi viliandikwa kwa Kiingereza, baadhi vilichapwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na sehemu kubwa vinahusu Wangoni au Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, huku Wanyasa, Wampoto, Wamanda na Wamatengo wakitajwa kwa kupita tu. Msomaji wa Marekani ana shida ya namna nyingine kabisa, kwa kuwa kuhusu miaka ya mwanzo ya taifa lake hukuta rafu nzima zilizosheheni, kuanzia kitabu kifupi cha Edmund Morgan kilichotoka mwaka 1956 hadi simulizi ya vita ya David McCullough iliyochapishwa mwaka 2005, hivyo kazi yake ni kuchuja. Msomaji wa Ruvuma huokota kimoja hapa na kingine pale, na kwa sababu hiyo anahitaji zaidi kujua uzito wa kila anachokiokota.

Jambo la kwanza la kutazama katika kitabu cha historia ya awali ni mahali mwandishi anapoanzia, kwa maana tarehe ya kwanza katika kitabu huonyesha ni nani anayehesabiwa kuwa na historia. Huko Marekani, Alan Taylor katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu makoloni hakuanza na Waingereza waliohamia Virginia, bali alianza na wenyeji wa bara hilo, akafuata na Wahispania na Wafaransa, na kwa uamuzi huo mmoja sura yote ya hadithi ikabadilika. Kwa upande wa Nyasa, wako waandishi wanaoanza mwaka 1859, David Livingstone alipoliona ziwa. Wako wanaoanza mwaka 1835, Wangoni wa Zwangendaba walipovuka Mto Zambezi kuelekea kaskazini. Na wako wachache, hasa wanaakiolojia, yaani wataalamu wanaochunguza mabaki ya kale yaliyofukiwa ardhini, wanaoanza na wafua chuma na wafinyanzi ambao hakuna msafiri yeyote aliyewaandika. Kitabu kinachoanza na Livingstone si lazima kiwe kibaya, lakini msomaji afahamu kwamba katika kitabu hicho ziwa lilianza kuwapo siku mgeni alipolifikia.

Vitabu vya Livingstone mwenyewe, kile cha safari ya Zambezi kilichotoka mwaka 1865 na shajara zake za mwisho zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, vinapatikana kwa urahisi kuliko vyote kwa sababu ya umaarufu wake, nalo jambo hilo huwapotosha wengi. Mwaka 1861 alilichunguza ziwa kwa kufuata ufuko wa magharibi, na mwaka 1866, alipopanda kutoka pwani kwa njia ya Mto Ruvuma, aliuzunguka upande wa kusini wa ziwa. Atakayevisoma akitarajia kukutana na mwambao wa Mbamba Bay au Lituhi atafunga kitabu akiwa na njaa.

Anayeutafuta mwambao huo kwa macho ya mgeni aliyeujua kwa karibu hana budi kumwendea William Percival Johnson, mmisionari wa Anglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ambayo makao yake ziwani yalikuwa katika kisiwa cha Likoma. Johnson alijiunga na misheni hiyo mwaka 1876, akaishi na watu wa ziwani kwa miongo kadhaa, akafariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Kitabu chake cha mwaka 1922 kuhusu ziwa na maisha ya watu wake, *Nyasa, the Great Water*, kinaeleza nchi yenyewe pamoja na shughuli za wakazi wake, na kile cha mwaka 1924 ni kumbukumbu zake za miaka ya 1875 hadi 1895, miaka ambayo mashambulizi ya Wangoni na biashara ya watumwa vilikuwa bado habari za kila siku. Lugha yake haina makuu. Hata hivyo Johnson alikuwa mtu wa Kanisa, na alipoeleza mila na ibada za wenyeji alizipima kwa mizani ya imani aliyokuja kuihubiri. Kwa hiyo msomaji atamwamini zaidi anapoeleza alichokiona kwa macho kuliko anapotoa hukumu juu yake.

Baada ya hapo, hazina iliyo karibu zaidi na msomaji wa kawaida ni vijitabu vyembamba vilivyotolewa miaka ya 1960 na Chama cha Historia cha Tanzania pamoja na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambavyo sehemu yake vilichapishwa na East African Publishing House ya Nairobi. Wasomi wa kizazi hicho waliamini kwamba nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 haiwezi kuendelea kuisoma historia yake katika maandishi ya watawala wa jana, wakaandika kwa ufupi makusudi, wakiwafikiria walimu, wanafunzi na wananchi wenye hamu ya kujua. Mwaka 1967 Edward Alpers alitoa kijitabu kuhusu biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki, na mwaka 1968 Gilbert Gwassa na John Iliffe wakatoa mkusanyiko wa kumbukumbu za Vita vya Majimaji, ambamo barua na taarifa za wakati ule zimewekwa pamoja na maneno ya wazee waliohojiwa. Kwa mtu wa Ruvuma, kilicho bora kati ya vijitabu vya namna hii ni kile cha mwaka 1969 kilichoandikwa na O. B. Mapunda na G. P. Mpangara kuhusu vita hivyo katika Ungoni, *The Maji Maji War in Ungoni*.

Ubora wa kazi hiyo unatokana na namna ilivyopatikana. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Dar es Salaam iliendesha mradi wa utafiti wa Majimaji, wanafunzi wakatumwa vijijini kuwahoji wazee, wakati ambapo wengine waliokuwa watoto au vijana mwaka 1905 bado walikuwa hai. Ushahidi wa namna hii huitwa mapokeo simulizi, maana yake habari zinazohifadhiwa katika vichwa na vinywa vya watu badala ya karatasi, na una faida na hatari zake: mzee hukumbuka jina la mto, la jemadari na la shujaa aliyeangukia mahali fulani, mambo ambayo ofisa wa Kijerumani hakujali kuyaandika, lakini pia huweza kupanga matukio kwa namna inayoupendezesha ukoo wake. Mapunda na Mpangara waliandika wakiwa na ushahidi huo mikononi, na kwa sababu kijitabu chao ni kifupi, msomaji mwenye Kiingereza cha shule ya sekondari anaweza kukimaliza kwa jioni chache na kubaki na ramani ya vita kichwani: jinsi Omari Kinjala alivyoleta dawa ya maji Ungoni, jinsi Nkosi Mputa wa Njelu na Nkosi Chabruma wa Mshope, yaani watawala wakuu wa pande mbili za Wangoni, walivyoingia vitani, na jinsi jeshi la Wajerumani lilivyowalipiza kisasi watu kwa kuchoma vyakula na kunyonga viongozi. Kila tarehe 27 Februari viongozi walionyongwa mwaka 1906 hukumbukwa mjini Songea, penye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, na mtu aliyekwisha kusoma kijitabu hicho huyasikiliza majina yakitajwa akiwa anawafahamu wenyewe.

Kuhusu asili ya Wangoni kabla ya vita hivyo, njia zinazosomeka ni tatu. Makala ya P. H. Gulliver ya mwaka 1955, iliyotoka katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*, ni fupi na iliyopangika vizuri, nayo inafaa kwa asiyekuwa na muda. Kitabu cha Padre Elzear Ebner, Mbenediktini wa Peramiho, kilichochapishwa na wamisionari hao mwaka 1987, ni kipana zaidi na kimejaa majina ya koo, ya watawala na ya manduna, yaani wakuu wa vikosi na wa maeneo chini ya nkosi, kiasi kwamba kinafaa kuulizwa maswali kuliko kusomwa mfululizo. Ya tatu ni kitabu cha Patrick Redmond cha mwaka 1985 kuhusu siasa za madaraka miongoni mwa Wangoni wa Songea tangu 1860 hadi 1962, kazi ya kitaaluma inayodai uvumilivu, lakini ambayo haimfichi msomaji ukweli kwamba dola la Wangoni lilijengwa juu ya watu waliotekwa na kutiishwa.

Huyohuyo Redmond, katika makala ya mwaka 1975, aliyahoji upya yaliyokuwa yameandikwa juu ya Majimaji katika Ungoni, na mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kizima cha wanahistoria wanaovichunguza vita hivyo mahali kwa mahali badala ya kuvisimulia kama tukio moja la taifa lililoungana. Kizazi cha miaka ya 1960 kiliitafuta Majimaji kama chimbuko la umoja wa Watanganyika, na kizazi kilichofuata kikauliza nani alipigana, nani alikataa, na nani alilazimishwa; wala si busara kukitupa kimoja kwa sababu ya kingine. Hata idadi ya waliokufa inaonyesha umbali uliopo kati ya vyanzo, kwani makadirio ya upande wa Wajerumani yalitaja watu 75,000, ilhali Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyofuata vita. Kitabu kinachotaja idadi moja bila kusema imetoka wapi kimeficha jambo, na hicho ni kipimo chepesi ambacho msomaji yeyote anaweza kukitumia akiwa amesimama dukani.

Hapa ndipo upungufu mkubwa unapojitokeza, nao ni wa upande wa mlimani na wa ziwani. Wamatengo wa milima ya Mbinga, ambao kilimo chao cha ngolo, yaani mashimo ya mraba yanayopangwa kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko na kutunza unyevu, kimewavutia watafiti wengi wa kilimo, wameandikwa zaidi kama wakulima kuliko kama watu wenye historia ya kisiasa. Makala ya Harry Basehart ya mwaka 1972 katika jarida la *Africa*, inayozungumzia mapokeo yao na mabadiliko ya utawala, ni miongoni mwa kazi chache zinazowapa nafasi hiyo, na bahati mbaya ilichapishwa katika jarida la wasomi ambalo haliuzwi katika duka lolote la vitabu Mbinga. Wampoto na Wanyasa wana hali ngumu zaidi. Habari zao huokotwa katika Johnson, katika kumbukumbu za UMCA na katika kurasa za pembeni za vitabu vya Wangoni, ambako huonekana hasa wanaposhambuliwa. Msomaji wa Kihagara asidhani kwamba kukosekana huko kunatokana na babu zake kukosa matendo. Kunatokana na mahali watafiti walipoweka kambi zao, na watafiti wengi waliweka kambi Songea na Peramiho, kwenye barabara na karatasi.

Biashara ya masafa marefu nayo inastahili kitabu chake, kwa sababu njia iliyotoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa ilipitisha pembe za ndovu na watumwa katika karne ya kumi na tisa, na bila kuielewa njia hiyo haieleweki kwa nini vijiji vingi vilihamia milimani au visiwani. Aliyekwisha kusoma kijitabu cha Alpers cha 1967 anaweza kupanda hadi kitabu chake kikubwa cha mwaka 1975, *Ivory and Slaves*, kinachoifuata biashara ya Afrika ya Mashariki na Kati kwa karne kadhaa, ingawa sura zake za mwanzo kuhusu Wareno na Msumbiji zinaweza kurukwa kwanza bila hasara. Kwa njia hiyohiyo historia ya awali ya Marekani inaingia mlangoni bila kualikwa, kwa kuwa mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837 konseli wa Marekani akafika Zanzibar, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaleta kitambaa cha pamba na kuondoka na pembe na sandarusi. Barua na kumbukumbu zao zilikusanywa mwaka 1965 na Norman Bennett na George Brooks, na mtu anayependa kuona jinsi nguo iliyofumwa New England ilivyofika kuwa fedha ya misafara ya bara atazikuta humo.

Vitabu vya taifa zima vinafaa kufuata, wala visitangulie. Kile kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu mwaka 1969 kina sura fupi zilizoandikwa na watu mbalimbali, na kila sura husimama peke yake, jambo linalomfaa mtu anayesoma kwa vipande. *A New History of Tanzania* ya Kimambo, Gregory Maddox na Salvatory Nyanto, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2017, inaleta utafiti wa karibuni na ndiyo rahisi kuipata kwa wauzaji wa Dar es Salaam. Kitabu kikuu kuliko vyote bado ni cha John Iliffe cha mwaka 1979, chenye zaidi ya kurasa 600, kinachoanza na Tanganyika ya mwaka 1800 na kufika uhuru. Uandishi wake ni mzuri lakini umesheheni, na atakayekianza ukurasa wa kwanza kwa nia ya kufika wa mwisho yumkini atakiacha njiani. Namna bora ya kukitumia ni kupitia faharasa, ile orodha ya majina na mada iliyo mwishoni mwa kitabu, ambapo msomaji atatafuta Ungoni, Nyasa au Majimaji na kusoma kurasa hizo tu, kisha kurudi siku nyingine kwa jina jingine.

Anayetumia faharasa za vitabu vya zamani inambidi ajue majina ya zamani. Liuli iliitwa Sphinxhafen na Wajerumani, na kwa jina hilo ndivyo inavyotajwa katika habari za Agosti 1914, meli ya Waingereza *Gwendolen* ilipoishambulia meli ya Wajerumani *Hermann von Wissmann* iliyokuwa imepandishwa ufukweni. Manda iliitwa Wiedhafen. Ziwa lenyewe katika vitabu vinavyotoka ng'ambo ya magharibi huitwa Malawi. Chabruma huandikwa pia Shabruma, na Kinjikitile wa Ngarambe, mganga wa dawa ya maji ya Majimaji, huwa Kinjeketile. Mtu asiyelijua hili anaweza kudhani kwamba kijiji chake hakimo kitabuni, kumbe kimejaa tele chini ya jina ambalo bibi yake hakuwahi kulisikia.

Jina la Kinjeketile lilienea zaidi kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili na imesomwa shuleni kwa miaka mingi, wengi wameichukua kuwa ndiyo historia ya Majimaji. Hiyo ni kazi ya sanaa, ambamo mwandishi alimuumba mhusika wake kwa ajili ya swali alilotaka kuliuliza, na itumike hivyo. Kwa anayetaka Kiswahili cha wakati wenyewe, upo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu vita hivyo, uliochapishwa na Whiteley mwaka 1957, ambao unatazama mambo kutoka upande wa Lindi na wala si Ungoni; unasomeka kama sauti ya shahidi mmoja mwenye upande wake, na kwa mtu aliyezoea tenzi utaeleweka kuliko kurasa nyingi za maprofesa.

Kwa mpango wa kusoma, basi, ushauri unaofaa kwa wengi ni kuanza na Mapunda na Mpangara, kisha Gulliver, kisha Johnson kwa ajili ya ziwa, na kumwacha Iliffe akae mezani kwa ajili ya maswali. Asiyesoma Kiingereza kwa urahisi atafute mwalimu au kijana wa sekondari wa kusoma naye, hasa wakati huu ambapo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili na walimu wanahitaji mifano ya mahali walipo. Maktaba za Bodi ya Huduma za Maktaba, maktaba za misheni kama Peramiho, na maktaba za vyuo ndiko vitabu vya miaka ya 1960 vinakobaki, na mara nyingi hukaa bila kuombwa kwa sababu hakuna anayevijua kwa majina.

Lililobaki ni la wachapishaji na la wenye nakala. Vijitabu vya 1967 hadi 1969 ni vyembamba, gharama ya kuvitafsiri na kuvichapa upya kwa Kiswahili haiwezi kulingana na ile ya kitabu kikubwa, na wachapishaji wa Dar es Salaam na wa Peramiho wana uwezo wa kuifanya kazi hiyo wakishirikiana na wenye hakimiliki. Nao wazee, walimu wastaafu na makatekista wa mwambao, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, walio na madaftari ya mapokeo ya koo zao au nakala zilizochakaa za vitabu hivi, wanaombwa wasiviache viliwe na mchwa: wavipeleke katika shule ya sekondari iliyo karibu vikapigwe picha na kuhifadhiwa, pamoja na jina la aliyeandika na mwaka alioandika.